Habari za Ruhusa ya Msitu katika Nchi ya Kahama na Shinyanga

Katika kitabu hiki cha yubile wenzetu wameandika habari za makanisa, za shule na za wale waliotutangulia. Sisi twataka kuandika habari za neno lisilo na jengo wala mnara, nalo ni ruhusa. Twataka kueleza jinsi watu wa pande hizi, tangu zamani za watemi hata leo, walivyoomba kufanya kazi katika msitu usio wa mtu mmoja. Ni nani aliyewapa, ni nani aliyewanyima, na msitu wenyewe ulipatwa na nini. Labda wasomaji wetu wa Nyasubi watauliza: Sisi tunaokaa mjini, katikati ya maduka na magari ya Kahama, tuna shauri gani na msitu? Jibu limo jikoni mwa kila nyumba. Mkaa, kuni, mbao za paa, madawati ya shule, asali, hata jeneza, vyote vilitoka msituni. Na kila kimoja kilipotoka, ama mtu aliruhusiwa, ama mtu aliiba.

Tuanze na watemi. Wazee wengi wa Usukuma na Unyamwezi husema ya kuwa jina la mtemi limetoka katika neno kutema, yaani kukata. Wengine hulifasiri kuwa ni kukata miti, kwa sababu mtawala wa kwanza ndiye aliyefyeka msitu na kuwaita watu wakae pale palipofyekwa. Wengine husema ni kukata maneno ya baraza. Hatuna haja ya kuwaamua, maana kazi zote mbili zilikuwa zake. Mtu aliyetaka kufungua shamba jipya hakuchukua shoka akaenda zake. Alikwenda kwa mwanangwa, na mwanangwa alishika mahali pake kwa idhini ya mtemi. Vichaka vilivyozunguka makaburi ya watemi na mahali pa matambiko havikuguswa. Ndovu akiuawa, jino moja lilikuwa la mtemi. Ruhusa hiyo haikuandikwa popote, lakini ilikuwa na uso: aliyeomba alimjua aliyempa, na majirani wote walijua ya kuwa amepewa. Walakini tusiwasifu wazee kupita kiasi. Siku zile watu walikuwa wachache na miti ilikuwa mingi, na ni rahisi kuwa mkarimu kwa kitu kisichopungua.

Wadachi walileta fikira nyingine. Kwa amri ya mwaka 1895 ardhi yote isiyokuwa na mwenyewe ilihesabiwa kuwa mali ya Serikali ya Kaisari, na wao wenyewe ndio walioamua ni ardhi ipi isiyo na mwenyewe. Mwaka 1904 wakatoa sheria ya kulinda misitu, na hata kufika mwaka 1914 walikuwa wametenga misitu 231, yapata hekta 750,000. Sehemu kubwa ya misitu hiyo ilikuwa pwani na milimani, mbali na sisi, basi twaweza kuipita upesi. Lakini fikira yake ilibaki: ya kwamba msitu waweza kuwa na mwenyewe asiyekaa karibu nao, na ruhusa yaweza kutoka kwa mtu asiyeuona mti unaoombwa.

Waingereza walipoichukua nchi waliweka Idara ya Misitu, na kwa sheria ya mwaka 1921 wakaithibitisha mingi ya misitu ya Wadachi. Kisha mwaka 1926, zamani za Gavana Donald Cameron, ikaja Sheria ya Utawala wa Wenyeji, iliyowapa watemi uwezo wa kutoa amri juu ya ukataji wa miti na uchomaji wa nyasi. Hapo ruhusa ikapata milango miwili, mmoja wa Idara na mmoja wa mtemi. Na nyuma ya mlango wa mtemi alikaa Bwana Shauri.

Sasa twafika kwenye neno ambalo vijana wetu hawaliamini tunapowasimulia. Jangwa la Shinyanga halikuletwa na wezi wa kuni peke yao. Kwa sehemu kubwa lilitengenezwa kwa amri, na kwa nia njema. Adui wa siku zile alikuwa mbung'o, anayeua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale. Mbung'o hukaa kivulini mwa vichaka. Ukiondoa kichaka, hana pa kukaa. Bwana mmoja Mwingereza, Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama wa porini na baadaye mkuu wa uchunguzi wa mbung'o, alifanya Shinyanga kuwa makao ya kazi hiyo katika miaka ya 1920. Pamoja na watemi aliwakusanya watu kwa maelfu, wenye mashoka na mapanga, wakakata migunga na vichaka maili baada ya maili. Akatumia moto pia, na habari za moto huo zafaa kukumbukwa katika habari za ruhusa. Watu walizoea kuchoma nyasi mapema, kidogo kidogo, kila mtu kwa wakati wake. Yeye alitaka nyasi zisiguswe mpaka zikauke kabisa, kisha zichomwe siku moja pande zote, ili moto uwe mkali na kuua vichaka pamoja na mbung'o. Kwa hiyo mchungaji aliyewasha moto wake mapema kama baba yake alivyofanya alihesabiwa kuwa amevunja amri. Na aliyengoja siku ya moto mkubwa alikuwa raia mwema. Swynnerton alifariki mwaka 1938 kwa kuanguka kwa ndege.

Hatusemi kwamba kazi ile ilikuwa bure. Mbung'o walirudishwa nyuma, na ng'ombe waliongezeka. Lakini nchi iliyokatwa haikupewa nafasi ya kupumzika. Ng'ombe walijaa, mashamba ya pamba yakafuata, na mti ulioota tena uliliwa ukiwa bado mchanga. Twaona huzuni katika jambo hili: mzee aliyefundishwa ujana wake kwamba kukata kichaka ni utii, baadaye alitozwa faini kwa shoka lile lile.

Upande wa magharibi mambo yalikwenda kinyume. Huko msitu haukukatwa, bali watu waliondolewa. Katika miaka ya 1920 na 1930 Serikali iliwahamisha watu wengi waliokaa kila mmoja peke yake porini, ikawakusanya katika makazi makubwa ili malale yasiwapate. Pori walimotoka likajaa miyombo na mininga juu ya mahame yao. Sehemu nyingi za namna hiyo baadaye zilikuja kuandikwa kuwa misitu ya hifadhi au mapori ya wanyama, kana kwamba hapakuwa na mtu aliyepata kukaa humo. Lakini nyuki hawahami kwa amri. Wanaume waliendelea kurudi msituni kutundika mizinga ya magome na kurina asali, wakijua ni mto gani ulikuwa wa ukoo gani. Kwa nini tunalitaja jambo hili? Kwa sababu mtu anayeomba leo ruhusa ya kuingia katika pori la namna hiyo mara nyingine anaomba ruhusa ya kuingia mahali alipozikwa babu yake.

Baada ya vita kuu ya pili watu wa Usukuma walizidi nchi yao. Tangu mwaka 1947 Serikali ikaanza mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, na kwa mpango huo watu wengi na ng'ombe wao walipelekwa Geita, ambako msitu ulifyekwa ili wapate kukaa. Na mwaka 1974 ikafika amri ya kuhamia vijijini. Hapo lilitokea hasara ambayo haikukusudiwa. Kila ukoo wa Kisukuma ulikuwa na ngitili yake, na watu walipohamishwa waliacha ngitili nyuma, haina mlinzi. Kitu ambacho jana kilikuwa cha fulani kikawa cha wote, na cha wote kikawa cha anayewahi.

Tueleze ngitili ni nini, kwa ajili ya wasomaji wasiozaliwa huku. Ngitili ni nyasi na miti iliyofungwa. Mvua zinapoanza, mwenye ngitili au kijiji chake hukataza mifugo kuingia; nyasi hukua mpaka kiangazi, na malisho ya nje yanapokwisha, ngitili hufunguliwa, tena kwa sehemu, upande mmoja kwanza na mwingine baadaye. Wanaoruhusiwa kwanza ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na ng'ombe wa kulimia waliochoka. Hii ni ruhusa yenye msimu. Haisemi ndiyo wala haisemi hapana, yasema ngoja. Na kwa kuwa mwenye kuomba anajua siku itakuja, hana sababu ya kuingia usiku.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alizuru Shinyanga, akaona nchi tupu, na makorongo, na wanawake wakitembea mbali kutafuta kuni, wengine wakipikia samadi. Alishtuka. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI, kwa msaada wa nchi ya Norway, na baadaye wataalamu wa kilimo mseto kutoka Nairobi. Mwanzoni walifanya kama wataalamu wote wafanyavyo: walileta miche ya miti ya kigeni na kuhimiza watu waipande. Mingi ilikufa kwa kiangazi na kwa mchwa. Ndipo walipofanya jambo ambalo twalihesabu kuwa la busara kuliko mengine yote, yaani waliwauliza wenyeji. Wenyeji wakawaambia habari za ngitili: visiki na mizizi ya migunga bado i hai ardhini, yataka kuachwa tu.

Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa yapata hekta 600. Mpango ulipofungwa mwaka 2004, zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833 vya Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule. (Mkoa huo ulikuwa mkubwa kuliko wa leo, maana Bukombe iliingia Mkoa wa Geita na upande wa mashariki ukaingia Simiyu, mikoa iliyozinduliwa mwaka 2012.) Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa, iitwayo Equator, huko Johannesburg. Kuni zilirudi karibu na nyumba, na nyasi za kuezekea, na uyoga, na dawa za miti, na ndege ambao watoto hawakuwajua majina.

Miti hiyo ilirudije bila askari wa misitu kila kijiji? Kijiji kilikuwa na sheria ndogo zilizopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuthibitishwa na Halmashauri ya Wilaya. Lakini nyuma ya karatasi hizo palikuwa na dagashida, baraza la jadi ambamo watu wote hukutana, na sungusungu, walinzi waliotokea katika pande hizi za Kahama na Shinyanga mapema katika miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe. Aliyeingiza mifugo katika ngitili iliyofungwa alihukumiwa mbele ya majirani zake, akatozwa faini. Na aliyekataa kutoa faini alitengwa, asipewe moto wala maji. Twajua ya kuwa sungusungu walifanya makosa pia, na mara nyingine makosa mazito, hata Serikali ikalazimika kuwatungia sheria. Hatuyafichi. Lakini katika neno la miti, ruhusa ilikuwa imerudi mahali inapoonekana uso.

Sheria inayotawala misitu sasa ni Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2004. Walimu wengi hutuuliza habari zake, kwa hiyo tutaieleza kidogo. Sheria hiyo inaigawa misitu kwa wenyewe. Ipo misitu ya hifadhi ya Taifa, ambayo Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, uitwao TFS, ndio unaoisimamia. Ipo misitu ya hifadhi ya serikali za mitaa, iliyo chini ya halmashauri. Ipo misitu ya vijiji. Na ipo misitu ya watu binafsi. Kosa la waombaji wengi ni kugonga mlango usio wao. Mtu anaandika barua nzuri kwa Mkuu wa Wilaya juu ya msitu wa kijiji, na barua inakaa. Mwingine anamlipa mwenyekiti wa kijiji kwa ajili ya miti iliyo ndani ya hifadhi ya Taifa. Huyo amenunua kesi. Basi swali la kwanza si “nataka kufanya nini?” bali “msitu huu ni wa nani?”

Katika msitu wa hifadhi, kazi nyingi ambazo watu hudhani zimekatazwa kabisa hazikukatazwa, zimewekewa kibali. Kukata mbao, kukusanya mazao ya msitu kwa biashara, kujenga, kupitisha barabara, kupiga kambi za wageni, kutafuta madini, yote haya yana njia ya kuombwa. Kwa uvunaji wa miti ipo kamati ya wilaya, ambayo Mkuu wa Wilaya ni mwenyekiti wake, nayo hutazama mpango wa uvunaji kabla ya leseni kutolewa. Mbao zikitoka, hupigwa nyundo yenye alama, na kusafiri na hati ya kusafirishia. Msomaji aliyesimamishwa kizuizini na gari la mbao atakubali pamoja nasi ya kuwa leseni bila hati ni nusu ya ruhusa. Katika msitu wa kijiji kazi hii iko mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji na kamati yake ya maliasili. Na mgeni atakayekwenda na heshima, akakaa barazani na kusema anataka nini, kiasi gani, mahali gani na kwa siku ngapi, mara nyingi hupata jibu kwa upesi kuliko mjini.

Hapa hatuwezi kuinyamazia dhahabu. Geita ilikuwa na mgodi tangu miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Na mgodi mkubwa wa sasa, ulioanza kazi mwaka 2000, umo kwa sehemu kubwa ndani ya msitu wa hifadhi wa Geita. Kampuni kubwa inayo watu wa kuiandikia maombi, na tathmini ya mazingira ambayo sheria inaitaka kabla ya kuchimba katika msitu. Mchimbaji mdogo hana. Yeye anahitaji matimba ya kuzuia duara lisimwangukie, na kila duara hula miti mingi. Akiwa na leseni ya madini hudhani amemaliza. Kumbe leseni ya kuchimba chini haimpi ruhusa ya kukata kilicho juu. Wengi hulijua jambo hili siku wanapokamatwa. Nasi tumewazika vijana waliokufa katika maduara yaliyokosa matimba imara. Kwa hiyo hatuwezi kulisema neno hili kwa wepesi, kana kwamba ni mti upande mmoja na tamaa upande mwingine. Mchimbaji anayezuiwa miti bila kuonyeshwa mahali pa kuinunua kwa haki atachimba bila miti, au ataikata usiku.

Tumalizie na Kigosi, pori kubwa lililo magharibi yetu, ambamo watu wa Bukombe, Mbogwe na Kahama wamekuwa wakifuga nyuki tangu zamani. Kigosi lilikuwa pori la akiba, na wafuga nyuki waliweza kuingia kwa kibali na kwa muda uliowekwa. Mwaka 2019 lilipandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Lilikuwa tendo la heshima kwa pori, lakini sheria ya hifadhi za taifa ni kali kuliko zote: humo hakuna kibali cha mzinga. Mizinga ikabaki ndani na wenyewe wakabaki nje. Wakati ule ulidhihirisha tofauti ambayo tumeieleza tangu mwanzo, kati ya sheria yenye mlango mwembamba na sheria isiyo na mlango. Watu hawakuchoma pori. Walisema, tena kwa wabunge wao, mara nyingi. Mwaka 2023 Bunge likaridhia Kigosi iondolewe katika hadhi ya Hifadhi ya Taifa, na usimamizi uende kwa TFS, ili ufugaji wa nyuki uweze kufanyika tena kwa kibali. Kulima, kuchunga na kujenga makazi ni habari nyingine. Kibali cha nyuki si kibali cha ng'ombe.

Nyasubi ni kata ya mji, ina mitaa, haina Halmashauri ya Kijiji. Hivyo mtu wa hapa hana msitu wa kijiji wa kwake, na akitaka kutundika mizinga lazima aende kama mgeni, ama kwa kijiji chenye msitu, ama kwa ofisi ya TFS ya wilaya. Vikundi vya nyuki vinapata kibali kwa urahisi kuliko mtu mmoja mmoja, maana ofisi hutaka kujua nani atawajibika moto ukitoka. Walimu na vijana wanaofikiria kazi hiyo na waanze mapema, wapeleke majina yao, idadi ya mizinga na mahali wanapopataka. Mwombaji anayengoja mpaka miyombo itoe maua huwa amechelewa msimu mzima.